Pesa ya Umma Ianzie Mchangani

Hotuba iliyotolewa jijini Mbeya mbele ya madiwani, maofisa uvuvi, maofisa maendeleo ya jamii, viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za uvuvi) na wachuuzi wa samaki

Mugonile, mama zangu na baba zangu.

Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, maofisa wetu, viongozi wa BMU mliodamka usiku wa manane ili kuwahi kikao hiki, wachuuzi wa masoko yetu ya Soweto na Mwanjelwa, wageni wetu wa Ludewa na wa Mbamba Bay, nashukuru kwa kupewa nafasi. Nimeombwa nizungumzie fedha za umma katika uvuvi na ajira za mwambao wa ziwa letu, Ziwa Nyasa. Kazi yangu ni uhasibu na makazi yangu ni hapa Mbeya, lakini nimezaliwa na kukulia Matema, ufukweni kule Kyela, na hesabu ya kwanza niliyoijua maishani ilikuwa ya ndoo za usipa, wale samaki wadogo kama dagaa. Mtanivumilia basi nikianza na usipa kabla ya kufika kwenye mafungu ya bajeti.

Nilikuwa darasa la sita. Ilikuwa Aprili, na Aprili ya Kyela mnaijua. Mama yangu mdogo alikuwa amechukua ndoo 14 za usipa mali kauli kwa mwenye chombo. Usiku haukuwa na mwezi, giza la kuvulia kwa taa lilikuwa limekaa vizuri, mitumbwi ilirudi imejaa mpaka wavuvi wakawa wanakanyaga samaki. Saa moja asubuhi tuliumwaga usipa mchangani, tukautandaza kwa ufagio wa chelewa, tabaka jembamba, kila mmoja na upande wake. Ilipofika saa sita ulikuwa umeanza kubadilika rangi na kukunja mkia, ukiugusa unasikia ule mlio wa kitu kinachokauka. Saa nane wingu likashuka kutoka Milima ya Livingstone. Mtu wa Matema anajua kwamba wingu likishaufunika mlima, nusu saa haikuishii kabla hujalowa.

Tulikimbia na turubai, kanga, magunia, hata mkeka wa kulalia ulitolewa ndani. Tuliokoa kama robo. Uliobaki ulilowa na mchanga wake, na mvua ile haikukatika kwa siku tatu. Siku ya pili usipa ulianza kunuka. Siku ya tatu ukaingia funza. Siku ya nne akaja mtu wa chakula cha kuku akauzoa kwa bei ambayo mama mdogo hakutaka kuitaja mbele yetu watoto.

Mwenye chombo alilipwa. Deni la mali kauli halijui mvua. Mama mdogo aliuza madebe ya mpunga yaliyokuwa yamebaki ndani, akalipa ndoo zote 14, na sisi tukala ndizi na muhogo mpaka mavuno.

Nimeirudia hesabu ile mara nyingi tangu nilipokuwa mhasibu. Samaki walikuwepo. Nyavu zilikuwepo, taa zilikuwepo, mtumbwi ulirudi salama na vijana wake wote. Hakuna kitu cha majini kilichotuangusha siku ile. Kilichokosekana ni kichanja cha fito cha kuanikia na paa la nailoni, vitu ambavyo gharama yake yote isingefika nusu ya hasara ya asubuhi moja. Ndiyo maana jambo ninaloliomba leo ni moja: pesa ya umma inayotengwa kwa ajili ya uvuvi ianzie mchangani, ndipo iende majini.

Watu wa Nyanda za Juu Kusini hatuna haja ya kufundishwa maana ya ruzuku. Msimu wa 2022/23 mfuko wa mbolea uliokuwa umepanda kupita laki moja ulishushwa mpaka shilingi 70,000. Mkulima wa Mbozi, wa Mbarali, wa Njombe aliiona Serikali shambani kwake. Tulishukuru, na mimi ni mmoja wao maana nina ekari zangu mbili za mahindi. Lakini mkoa huu, ambao kila mtu anausifia mpunga, viazi, kahawa na chai, una ufukwe pia. Kuna watu wamekaa Mbeya mjini miaka ishirini na wanadhani samaki wote wa sokoni wanatoka Mwanza. Ziwa Nyasa ni la tatu kwa ukubwa Afrika, baada ya Victoria na Tanganyika. Kina chake kinafika mita 700 hivi, na hakuna ziwa duniani lenye aina nyingi za samaki kulishinda. Upande wetu unaanzia mdomo wa mto Songwe, unapita Kyela yote, unaingia Ludewa, unateremka mpaka Mbamba Bay. Huko kote kuna watu wasiolima kitu cha maana zaidi ya usipa.

Sikuja kulaumu. Lami ya kutoka Kikusya kupitia Ipinda hadi Matema ni pesa ya umma, na imebadilisha maisha yetu kuliko hotuba yoyote. Zamani masika yakikolea, kenta ilikuwa inalala njiani na samaki wake. MV Mbeya II ni pesa ya umma. MV Ruvuma na MV Njombe, kila moja yenye uwezo wa kubeba tani 1,000, ni pesa ya umma. Mwanzoni mwa 2024 Mheshimiwa Rais Samia alikuwa Mwanza akikabidhi boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo nafuu. Boti ni jambo jema. Mvuvi anayepigwa na upepo wa mwera katikati ya ziwa juu ya gogo lililochongwa anastahili chombo cha kumrudisha kwa watoto wake, na ningekuwa na uwezo, hata jaketi la kuokolea maisha lingegawiwa kama chandarua kinavyogawiwa kliniki.

Lakini tuangalie pesa ya uvuvi ina kawaida ya kuelekea wapi, hapa kwetu na duniani kote. Watafiti wa uvuvi walikadiria kwamba mwaka 2018 serikali za dunia zilitoa ruzuku ya dola bilioni 35.4 kwa uvuvi wa baharini, na kati ya hizo bilioni 22.2 zilikwenda kuongeza nguvu ya kuvua, yaani mafuta, injini na vyombo vikubwa zaidi. Injini inahesabika, inakabidhiwa kwa funguo, na mwenye kuipokea ana jina na namba. Mwanamke anayegeuza usipa mchangani hana namba kwenye daftari lolote.

Na nguvu ya kuvua ikiongezwa bila kuuliza samaki wamebaki wangapi, mwisho wake unajulikana. Kanada, kwenye kisiwa cha Newfoundland, watu walivua chewa kwa karne nyingi. Meli zikawa kubwa, pesa ya serikali ikasaidia kuzijenga, na Julai 1992 serikali ileile ikalazimika kupiga marufuku uvuvi wa chewa kwa sababu walikuwa wamekwisha. Watu kama 30,000 waliamka hawana kazi, na hazina ikalipa mara ya pili, safari hii kuwatunza watu walioachishwa kazi na pesa ya mara ya kwanza. Tusiende mbali hivyo. Ziwa Malombe liko Malawi, kwenye mto Shire, maji yake ni maji yetu yaliyotoka kusini mwa Nyasa. Chambo wao, samaki wa jamii ya perege, ambaye ni ndugu wa magege yetu, alipukutika kuanzia miaka ya 1980 kwa nyavu za matundu madogo. Wazee wa Itungi wanaovuka mpaka kusalimia ndugu zao wanaweza kuwasimulia hali ilivyo vizuri kuliko mimi.

Wazungu wenyewe wameungua wakajifunza. Umoja wa Ulaya una mfuko wa uvuvi wa mwaka 2021 hadi 2027, euro bilioni 6.1. Sheria ya mfuko huo ina orodha ya mambo yasiyolipiwa, na la kwanza kwenye orodha, ukiacha masharti machache, ni kuongeza uwezo wa chombo kuvua. Uingereza nayo Mei 2025 ilitangaza pauni milioni 360 kwa miaka 12, na ikasema wazi kwamba ni za uvuvi na za jamii za pwani. Jamii za pwani, siyo vyombo peke yake. Na Shirika la Biashara Duniani lilipitisha makubaliano ya ruzuku za uvuvi Geneva, Juni 2022, yakaanza kutumika tarehe 15 Septemba 2025. Ila makubaliano yale yanahusu bahari. Ziwa halimo. Hakuna mtu Geneva atakayetushika mkono tukiimaliza Nyasa kwa pesa yetu wenyewe. Kazi hiyo ya kushikana mkono ni ya watu waliomo humu ukumbini.

Sasa nirudi mchangani, maana huko ndiko ajira ziliko.

Mtumbwi mmoja wa usipa unaingia ziwani na watu wanne au watano. Hao ndio tunaowaita wavuvi, na takwimu za Taifa zinasema wavuvi nchini ni takriban laki mbili. Sasa twendeni na ndoo moja kuanzia mtumbwi unapogusa mchanga. Kuna kijana anayeibeba kutoka majini, huyo analipwa. Kuna anayeosha. Kuna anayeanika na kugeuza, huyo ni mwanamke kila siku. Kama samaki ni magege au mbasa, kuna anayebanika, na nyuma yake kuna aliyeleta kuni kwa kichwa kutoka mlimani. Kuna muuza magunia na kamba. Kuna bodaboda hadi stendi, kuna dereva wa kenta na utingo wake, kuna mama lishe wa Ipinda anayewapikia hao wote. Uyole kuna anayepokea, Soweto kuna dalali, kuna anayenunua gunia na kuna anayemkatia mnunuzi sado. Gunia lingine linashuka Tunduma, linavuka Zambia, na huko lina watu wake. Watano wako majini, na nyuma yao kuna msafara.

Usipa unapooza mchangani, ni msafara wote huo unaokosa siku. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, limekuwa likisema kwamba duniani karibu asilimia 35 ya samaki wanaovuliwa hupotea au kutupwa kabla hawajaliwa. Mimi sihitaji kusafiri kuliamini hilo, nimelipa kwa mpunga. Kwa hiyo mtu akiniambia tununue injini ili tupate usipa zaidi, namwomba kwanza aniokolee ule ambao tayari umeshatoka majini. Usipa uliookolewa mchangani ni mavuno mapya yasiyohitaji hata samaki mmoja wa ziada ziwani.

Tena ufundi wake si wa kutafutwa. Kichanja kilichoinuliwa kinapitisha upepo juu na chini, kwa hiyo usipa unakauka mapema na hauli mchanga. Ukiweka paa la nailoni nzito, jua linaingia na mvua inabaki nje. Kwa wanaobanika, Senegal kwa kushirikiana na FAO walibuni tanuri liitwalo FTT-Thiaroye, linalokula kuni kidogo na halimtoi mama machozi mchana kutwa, na nchi nyingi za Afrika zimelichukua. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, wana kituo Kyela hapohapo. Mafundi tunao, miti na mianzi tunayo. Nani aliwahi kuona kichanja kikizinduliwa? Sijaona, na ningependa kuona.

Wakulima wa kakao wa Kyela na Rungwe wametupa somo ambalo nashangaa wavuvi hatujaliiga. Kabla ya stakabadhi ghalani, mnunuzi alikuwa anamfuata mkulima uani, anapima kwa mizani yake, anataja bei yake. Leo kakao inapelekwa ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inapimwa, inapangwa kwa ubora, inauzwa mnadani mchana kweupe. Bei ya dunia ilipopanda 2024, mkulima wa Kyela aliisikia mfukoni kwa sababu mzigo ulikuwa umekusanywa mahali pamoja na una karatasi. Usipa uliokauka sawasawa, ukafungwa vizuri, unakaa miezi. Ungekuwa na ghala pale Matema na jingine Itungi, mama asingelazimika kuuza siku ileile ambayo kila mtu anauza. Angeweka magunia yake, akachukua stakabadhi, akasubiri mbalamwezi samaki wapungue na bei ipande. Ghala ni jengo la kawaida kabisa. Halmashauri zinajua kujenga ghala.

Niseme kuhusu mikopo, na hapa naomba waheshimiwa madiwani mnisikilize kwa masikio mawili.

Sheria inataka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni sheria tangu 2018. Mwaka 2023 ilisimamishwa ili utaratibu urekebishwe, na 2024 ikarejea. Ni sheria nzuri. Na tukumbuke mapato ya ndani ni nini: ndani yake mna ushuru wa gunia la usipa. Mama anayelipa ushuru mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, analijaza mwenyewe sanduku analokuja kuomba. Akirudi kuomba, siyo ombaomba.

Miaka kadhaa iliyopita nilikisaidia kikundi cha wanawake wanane, wote waanikaji, kujaza maombi ya mkopo. Ofisi sitaitaja, na mhusika mwenyewe alikuwa mtu mwungwana, nadhani naye alikuwa anafuata alichopewa. Fomu ya wavuvi ilikuwa na sehemu ya namba ya leseni ya chombo. Hatuna chombo, sisi tunaanika. Tukaambiwa basi jazeni fomu ya biashara ndogondogo. Ile ikataka anuani ya duka na picha ya duka. Tukapiga picha ya mchanga. Naapa, tulipiga picha ya mchanga, na usipa juu yake, na mama wanane wamesimama nyuma. Maombi yalirudi yameandikwa "eneo la biashara halijulikani". Wanane wale, kwa hesabu zao nilizoziandika mwenyewe kwenye daftari la mistari, walikuwa wanapitisha mikononi mwao mzigo mkubwa kuliko duka lolote la mtaa ule.

Na hata kikundi kinachofanikiwa kupata, kinaingia kwenye shida nyingine ambayo ni ya kalenda. Usipa unavuliwa kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, samaki hawakusanyiki, mitumbwi inalala siku saba mpaka kumi. Kila mtu wa mwambao anaishi kwa giza na mbalamwezi. Hata harusi tunazipanga kwa hiyo. Mkataba wa mkopo unasema rejesho ni tarehe 5, au 15, au 30. Tarehe hizo zinazunguka. Sasa zinaangukia giza, miezi kadhaa baadaye zinaangukia mbalamwezi mama hana hata senti. Anakwenda kukopa kwa mtu wa riba ili alipe mkopo usio na riba. Anaonekana msumbufu, jina lake linachafuka, kikundi kinavunjika, na taarifa inaandikwa kwamba wanawake wa uvuvi hawalipi. Mimi nafanya kazi na mikopo kila siku, nawahakikishieni kwamba kuandika mkataba wenye marejesho manne kwa mizunguko minne ya giza badala ya miezi minne ya kalenda ni kazi ya jioni moja. Mkulima wa mahindi hadaiwi Januari, kila mtu anaelewa kwamba mahindi yako shambani. Mwezi nao uko angani, kila mtu anauona.

Jambo la mwisho ni mbasa, na hili linagharimu pesa, sitaficha.

Utotoni mwangu mbasa wa urefu wa mkono alikuwa samaki wa kawaida wa siku ya mgeni. Sasa ni samaki wa kusimuliwa. Mbasa hukaa ziwani lakini hataagi ziwani. Mvua zikianza hupanda mito, Lufilyo, Mbaka, Kiwira, Songwe, na kwa wenzetu wa Ludewa mto Ruhuhu. Anapopita mdomo wa mto akiwa na mayai, ndipo anapokutana na wavu uliofungwa kutoka ukingo huu hadi ukingo ule. Kila mtu anajua ni kosa. BMU wanajua, na wengine wamepigwa kwa kwenda kuuondoa wavu huo. Lakini anayeutega naye si jambazi. Ni baba mwenye watoto watano katika miezi ile ile ambayo mpunga haujaiva, ada imeitishwa na ziwa limechafuka kwa upepo.

Brazil, tangu miaka ya 1990, wana utaratibu wa kumlipa mvuvi mdogo kima cha chini cha mshahara kila mwezi katika msimu wa samaki kutaga, ili aache wavu nyumbani. Umekuwa na matatizo yake, watu wasio wavuvi walijiandikisha, wakalazimika kuchuja. Lakini wazo ni la haki: kama Taifa zima litakula samaki watakaozaliwa, Taifa zima lichangie njaa ya anayesubiri. Sisi tulifunga Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, pamoja na majirani zetu wa Burundi, Kongo na Zambia. Ilikuwa hatua ya ujasiri. Ndugu zetu wa Kigoma na Kipili waliibeba miezi ile mitatu mabegani mwao. Nyasa siku moja itakuja kufungwa, yote au midomo ya mito peke yake, na mimi nitaunga mkono. Naomba siku hiyo ikifika bajeti iwe imetangulia. Tuanze kidogo: mito minne ya Kyela, miezi miwili, na wavuvi wa midomo ya mito hiyo, ambao BMU wanawajua kwa majina, walipwe kuilinda. Wavuliwe nyavu, wavikwe makoti ya ulinzi. Pesa ile haitapotea, itakuwa inaogelea.

Waheshimiwa, kikao chenu cha bajeti kinakuja. Naomba yaingie haya: fomu ya mkopo iwe na sehemu ya mwanikaji na mbanikaji, na eneo lake la biashara liandikwe mwalo, maana mwalo una jina na una mwenyekiti. Marejesho yafuate giza. Ghala moja kwa kuanzia. Na sehemu ya ushuru wa samaki irudi mwaloni penyewe, kwa vichanja, maji safi na choo, kwa kuwa sasa hivi mama anayeosha chakula chenu hana choo.

Mama mdogo yupo humu ukumbini, mstari wa tatu, mwenye kitenge cha kijani. Bado anaanika. Jana usiku nilimsomea hotuba hii akaniambia nimeongea sana Ulaya na sijasema kipimo. Nimekiandika kama alivyonitajia, ofisa uvuvi anaweza kukinakili sasa hivi. Kichanja kiwe na kimo cha kiuno, mita moja, ili mgongo usiume na mbuzi wasifike. Upana mita moja na nusu, ili wanawake wawili wakisimama pande mbili mikono yao ikutane katikati. Urefu mita kumi. Nguzo za mti mgumu, fito za mianzi, juu wavu chakavu wa matundu madogo, na zile nyavu haramu mnazozikamata na kuzichoma moto, amesema mziache kidogo, zinafaa. Paa la nailoni nzito liinamie upande wa mlimani, kwa sababu mvua ya Matema inatokea huko.

Ndaga fijo, asanteni sana.